Alama Nane

Wete, skuli ya jioni,
nimechora ubaoni
mlima, na ubavuni
ngazi zimehesabiwa.

"Hapa chini ndipo mwanzo,
pana mtu na tatizo;
hadithi bila kikwazo
ni wali usotiliwa

nazi. Kisha upandishe,
msomaji umtishe,
pumzi umkatishe,
asijue yatokuwa.

Halafu juu, kilele
cha mkarafuu ule:
tawi latoa kelele
na pishi haijajawa.

Kisha shuka taratibu,
swali lipate jawabu,
mwema apate thawabu,
mwovu akashitakiwa."

Miaka kumi na mbili
somo ni hilo kamili,
sikulibadili swali;
chaki tu hubadiliwa.

Nikataka kila mtu
aniletee ya kwetu,
kurasa mbili, si tatu,
Ijumaa kusomewa.

Kombo katunga mzimu
unaokula walimu,
kilele chake kitamu,
mwishowe ukauawa.

Riziki kaleta ng'ombe
wa mchezo, mwenye pembe,
akapotea; vijembe
wenyewe wakarushiwa.

Hao nikawapa kumi
na saba; nami ni mimi,
mkali kama kichomi,
hata Chake nahofiwa.

Ndipo Time wa Limbani,
bintiye Faki, mezani
kaweka buku, na ndani
kurasa zilizoliwa

na mende. Hadithi yake:
baba na gunia zake
usiku kaaga mke,
Shimoni angepokewa.

Tangu hapo, kila siku,
mama apikapo huku
muhogo na chukuchuku,
naye Faki hutengewa

sahani. Asubuhini
huwapa kuku uani,
huiosha, na jioni
tena hurejea kawa.

Basi. Pale pamekwisha.
Hakuna cha kutingisha,
hakupanda, hakushusha,
wala siri kujuliwa.

Nikaandika: "Kilele
kiko wapi? Hata pale
mwisho ni sahani ile?"
Alama nane kapewa.

Kesho yake alikuja,
hakulia, hana hoja,
akasema jambo moja,
nami sikuandaliwa:

"Pengine hicho kilele
kilipita, tumelele
nyumbani, bila kelele;
au bado changojewa.

Nikitunga amekufa,
nimemuua kwa sifa;
nyumba yetu ina ufa
na mama ndiye mfiwa.

Nikitunga kaingia,
mama atafurahia,
usiku atarudia
kufunua ile kawa."

Sikujibu. Jumamosi
napita kwa wasiwasi
Limbani; nyumba nyepesi,
dirisha lafunguliwa.

Nikamwona akipua
samaki, akichambua
miiba, kana ajua
mlango utapigiwa

hodi. Nami nikasita,
pumzi zikanikata,
nikatamani kupita
kama mwizi kaitiwa.

Njia nzima, majamvini,
karafuu za jirani;
harufu yake puani
swali lisilojibiwa.

Buku lake nimeshika,
ile nane yanicheka;
kuifuta nikataka,
doa likaongezewa.

Jumatatu nikachora
mlima wangu imara,
nikatia na duara
mwanzo ulipoanziwa.

Kombo akatupa swali:
"Hicho kilima cha wali?"
Darasa kicheko, kweli.
Time tu akaelewa:

kanyamaza, kainama,
akaandika; nasoma
neno moja, bila koma
wala kituo: kawa